Kipepeo Aliyeandikwa Muheza

Fundi,

Nimekikalia kiti chako. Najua hukupenda mtu akiguse, lakini changu kimevunjika mguu na wa kukitengeneza ulikuwa wewe. Kabla hujauliza: gundi nimeifunika, kisu cha kukatia kioo nimekipaka mafuta, na wale vipepeo kumi na wawili wa yule madam wa Jumeirah wamekwisha kuingia kwenye fremu, mabawa yote sawasawa. Tangu uondoke nimeharibu kioo kimoja tu, na siku hiyo nilikuwa nalia.

Ungeiona Satwa yetu hii ya Dubai leo usingeipenda. Wamepita watu na makopo ya rangi wakaandika namba kwenye kuta, nyumba hadi nyumba, na hakuna anayesema namba hizo ni za nini. Fundi cherehani wa jirani anasema mtaa unabomolewa. Mwenye gereji anasema ni mambo ya mita za maji. Mimi siamini hata mmoja wao. Yetu wameiandika chini ya dirisha, na nilipomuuliza arbab, mwenye duka letu, alisema inshallah kheri kabla sijamaliza swali, akaingia garini. Hilo peke yake limeninyima raha wiki nzima.

Unaona sijabadilika. Ulizoea kusema, "Binti Mwende, wewe ungekuwa polisi ungemfunga hata aliyekuletea ripoti." Tulikuwa tukicheka, wewe na mimi na Bashiri wa kafeteria, tukinywa chai yake ya ndimu. Leo sicheki. Leo nina kesi, Fundi, na mshtakiwa ni wewe.

Nianze na siku yenyewe. Ulianguka kituo cha basi asubuhi, ukija kazini, na Bashiri ndiye aliyekuja kuniambia, aproni bado kiunoni. Wanaume wa mtaa walikupeleka Qusais wakakuzika siku ileile. Mimi, mwanamke tena Mkristo, nilisimama nje ya ukuta wa makaburi na mkoba wako mkononi. Niliporudi nikanunua kadi ya simu, nikatafuta namba ya dada yako Zuhura pale ulipoiandika, kwenye jalada la daftari la vipimo. Nilifanya mazoezi ya maneno. Nilijiandaa kusikia kilio, kwa sababu kwetu Machakos habari kama hiyo watu huisikia mlima wa pili.

Hakulia. Alisema innalillahi mara moja. Akauliza kama umeshazikwa, nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, dada, ahsante kwa taarifa." Akakata.

Nikajiambia ni mshtuko. Wiki moja baadaye nikapiga tena kuuliza matanga yako ni lini, ili na mimi huku nisali nikiwa nao. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayekunja nguo: "Hatujakaa, dada, wala hatukai." Fundi, huyu ni Zuhura uliyeniambia alikubeba mgongoni mpaka ukaanza kuota meno. Nani anakataa kumkalia matanga ndugu yake wa tumbo moja? Arobaini yako ikapita bila mkeka kutandikwa kwenu. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikalibeba kazini.

Basi nikaanza kukuchunguza. Nisamehe, lakini ni wewe uliyenifundisha kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu.

Dhana ya kwanza ilikuwa mke. Nilisema huyu mzee ana mke wa siri Sharjah, na dada yake anajua. Nikapekua mkoba wako mfuko kwa mfuko, nikapata miwani, kanzu moja iliyokunjwa na tiketi za basi, zote za Satwa. Dhana ya pili ilikuwa jela. Ya tatu sitakuandikia maana naona haya. Hakuna hata moja iliyosimama. Nikabaki na kinyongo kimoja nilichokuwekea moyoni, na chenyewe kilianza miaka miwili nyuma, na ile likizo yangu.

Unaikumbuka. Sheria ya arbab ilikuwa moja: duka lina watu wawili, likizo mmoja mmoja, mwingine analinda. Zamu ilikuwa yako. Ulikuwa na miaka mitatu hujaiona Muheza. Lakini Ndinda wangu alikuwa anaanza darasa la kwanza, nilimwacha ana miaka mitatu, na kwenye simu alikuwa ananiita "yule shangazi wa Dubai". Nilikusimulia hilo kama kichekesho. Hukucheka. Uliweka pini mezani ukasema, "Nenda wewe. Mtoto hangoji, Muheza haihami." Nikaenda, siku arobaini na tano.

Niliporudi nikakukuta umenyoa kipara. Kabla sijafika mlangoni watu wa mtaa walishanipokea, cherehani, gereji, kinyozi, wote: pole Mwende, Fundi alifiwa na mama yake ulipokuwa likizo. Ukanisimulia mwenyewe, umeinamisha kichwa juu ya meza. Kwamba simu ilikuja wiki yangu ya pili nyumbani. Kwamba arbab alikuonea huruma akafunga duka siku kumi. Kwamba ulifika ukawahi, ukaingia kaburini kwa miguu yako ukampokea mama, na mvua ilikuwa inanyesha na udongo unanata viganjani. Halafu ukanionyesha kipepeo.

Nilimpenda palepale. Mweusi, upana wa kiganja changu, na madoa ya manjano yaliyotapakaa bila mpango, kana kwamba mtu alikung'uta brashi ya rangi. Jamaa zake wa ukoo ule wana mikia kama ya mbayuwayu, yeye hana, mabawa ya nyuma yameishia kwa mawimbi tu. Na kwenye kona ya bawa la nyuma, karibu na mwili, doa jekundu la rangi ya tofali. Chini yake karatasi kwa mwandiko wako mdogo: *Muheza. Mlimau wa mama. Siku ya tatu ya matanga. S.* Ukamtundika juu ya meza yako, si ukuta wa wale wa kuuza.

Nililia, Fundi. Nililia machozi ya kweli juu ya ile karatasi.

Ni wewe uliyenifundisha karatasi ni nini. Mteja akileta kipepeo mkavu, swali lako la kwanza halikuwa fremu gani, lilikuwa ametoka wapi, siku gani, nani kamshika. Nilikuona ukimrudishia Mfilipino mmoja kipepeo mzuri kuliko wote niliowahi kuona, buluu tupu, kwa sababu hakukumbuka alimpata kisiwa gani, na yeye alitaka uandike chochote. "Karatasi ikidanganya," ukamwambia, "huyu ni mdudu tu aliyekufa." Nilikuona mkali bure siku ile. Lakini nilijivunia kufanya kazi kwako.

Sasa turudi kwenye kesi. Siku hiyohiyo ya machozi nilikupa zawadi kutoka kwetu. Ndinda alikuwa amemshika kipepeo kwenye mlimau wa nyanya yake, akamkunja ndani ya pembetatu ya karatasi ya daftari kama nilivyomfundisha, akaandika Machakos kwa herufi zinazopanda na kushuka. Nikasema, "Tazama, Fundi, ni ndugu wa huyu wako!" Ulimtazama kwa muda mrefu. Mrefu mno. Ukamfunga tena, ukasema, "Nitamtengeneza kesho."

Miaka miwili, Fundi, ilikuwa kesho. Nilikuuliza mara tatu, kisha nikaacha. Nilidhani umemdharau kwa sababu alishikwa na mtoto. Iliniuma na sikukwambia. Sasa nimekwambia.

Kulikuwa na mengine niliyoyaona nikayaweka. Mndimu wa Bashiri, ule wa nyuma ya kafeteria anakochuma ndimu za chai. Kila msimu viwavi waliuvamia, wale wadogo wanaofanana na mavi ya ndege, wakikua wanakuwa kijani, ukiwagusa wanachomoa pembe nyekundu na kutoa harufu. Bashiri alitaka kupiga dawa, wewe ukamzuia. Ulisimama mbele ya mti kama bawabu. Mtu wa Muheza, kwenye michungwa, ambaye mwenyewe uliniambia utotoni mlikuwa mnawaponda kwa mawe! Nikasema moyoni, huyu ana lake.

Na lile kubwa zaidi. Ulinifundisha vipepeo wote waliopita duka hili, huyu wa Java, huyu wa Ceylon, huyu dume, huyu jike. Ila huyo. Nikiuliza juu ya mweusi wa madoa ya manjano ulisema, "Huyo unamjua, yuko kwenu," ukanituma nikalete gundi. Gundi ilikuwa mezani.

Wiki tatu zilizopita, nikipanga droo zako, nikaikuta ile pembetatu ya Ndinda chini ya karatasi za vipimo. Hukuitupa. Nikasema nitamtengeneza mwenyewe. Nikamweka kwenye bati la mchanga mbichi siku mbili mpaka akalegea, nikampiga pini, nikafungua mabawa taratibu na kuyabana kwa vipande vya karatasi. Nilitaka mfano wa kuweka pembe za mabawa sawa. Nikamtoa wako ukutani, nikawaweka pamoja.

Nilikaa chini.

Si ndugu, Fundi. Ni wa ukoo mmoja, lakini si hao hao. Wa Ndinda ana macho mawili kwenye kila bawa la nyuma, moja juu ukingoni, moja kule chini, macho hasa, yenye weusi na mkufu wa buluu na ukingo wa rangi ya chungwa lililoiva. Huyu wako, kule juu ana weusi na buluu hafifu tu, na chini ana lile doa la tofali, zima, limelala kama yai, na buluu kidogo juu yake. Ukiwaona mmoja mmoja hutajua. Ukiwaweka pamoja, hata kipofu atauliza.

Nikajiambia labda ni dume na jike. Jumamosi akaja Madam Leela kuchukua fremu zake, yule mwalimu mstaafu wa sayansi aliyekuwa akibishana nawe juu ya nondo. Sikumwambia kitu. Niliwaweka wote wawili mbele yake na uso mkavu, nikauliza ni nani hawa. Akavaa miwani. Akasema huyu mwenye macho ni wa Afrika, na huyu wa doa jekundu ni wa Asia, alikuwa akila ndimu za bibi yake India tangu yeye mtoto. Akanihesabia kwa vidole: yuko hapa Uarabuni, yuko Uajemi, India yote, Ceylon, Burma, Siam, kusini mwa China, Malaya, visiwa vya Indonesia, mpaka Australia. Akasema sasa wamemwona hata visiwa vya Karibi, huko karibu na Amerika, na hakuna anayejua vizuri alifikaje. Mtembezi mkubwa. Nikamuuliza, na Tanga? Na Muheza? Akatikisa kichwa. Hajulikani huko. Hawa wawili wanakaribiana kusini mwa Omani na Yemen, basi, kule kwenu anayekaa ni wa kwenu. Kisha akasoma karatasi yako akasema kwa upole, "Aliyeandika hapa alikosea."

Wewe, ukosee? Nilimfungia Madam fremu zake, nikamfungulia mlango, nikavuta shata la mlango mchana kweupe. Hukukosea. Ulijua mpaka wa kila mdudu aliyeingia hapa. Ulidanganya, na ulidanganya kwenye karatasi.

Sitakuficha, nilikuchukia siku mbili. Niliitazama meza yako nikasema kila kilichotoka hapa ni uongo, pengine hata jina lako. Kama kipepeo hakutoka Muheza, basi na wewe hukwenda Muheza. Na kama hukwenda, ulikuwa wapi siku kumi? Na ile mvua? Na ule udongo? Nilimtazama kila mtu aliyepita dirishani nikimuuliza kwa macho, na wewe unajua?

Siku ya tatu nikaenda kwa Bashiri saa nne asubuhi, saa ambayo hana wateja. Nikamwambia, niambie Fundi alikuwa wapi mama yake alipokufa. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kaunta, na kaunta ilikuwa safi. Akasema, "Sister, mimi niliahidi." Nikamwambia uliyemwahidi amekufa. Akafuta tena. Halafu akakitupa kitambaa kwenye ndoo, akaniambia yote.

Arbab alikataa. Alisema mmoja mmoja, binti akirudi ndipo wewe uende, khalas. Pasipoti yako ilikuwa kwenye sefu yake, na funguo mfukoni mwake. Bashiri akajitolea kulilinda duka, arbab akakataa. Bashiri akakwambia basi mpigie Mwende, atarudi ndani ya siku mbili, atakuelewa. Na wewe ukasema, namnukuu Bashiri kama alivyonukuu, maana hata Kiswahili chake cha kuokoteza hakuweza kukiharibu: "Mtoto ndiyo kwanza ameanza kumwita mama. Nimtoe tena?"

Ukavuta shata. Ukakaa matanga peke yako sakafuni, siku tatu, katikati ya fremu, na Bashiri akikuletea chai kwa mlango wa nyuma. Siku ya tatu ukatoka ukakaa chini ya mndimu, na kipepeo alikuwa ndiyo anatoka kwenye kifuko chake, mabawa mabichi, yamekunjamana. Bashiri anasema ulimtazama mpaka alipokauka. Ndipo ukamchukua. Kisha ukapita mtaa mzima kuwaapisha watu: binti akirudi, mwambieni nilikwenda. Akijua atajilaumu.

Kwa hiyo wote walijua! Cherehani alijua. Gereji alijua. Kinyozi aliyekunyoa alijua, akanishika mkono akanipa pole na uso wake mkavu kabisa. Mimi ninayejisifu nanusa jambo kabla halijaiva, nilizungukwa na mtaa mzima wa waongo nikawashukuru mmoja mmoja. Hata arbab. Nilimwendea mwenyewe, Fundi, nikamshukuru kwa ile huruma ya siku kumi. Alinitazama, akaingia garini. Nilidhani ni unyenyekevu.

Nani alikutuma? Nauliza kwa hasira, na hasira yenyewe sijui niiweke wapi. Ungenipigia ningerudi. Ndinda angelia, angesahau, watoto husahau. Hukunipa nafasi ya kuchagua. Halafu ukajinyima hata likizo yako, maana niliporudi nikakuuliza likizo yako lini, na ukajibu, "Nilishaitumia, si nilikwenda kuzika?" Ule uongo ulikula likizo yako. Ulinyamaza ukaendelea kukata vioo miaka miwili, mpaka kituo cha basi. Hukuiona Muheza tena kwa sababu mimi niliiona Machakos.

Hapo ndipo nikamwelewa Zuhura: mama yenu alizikwa bila wewe. Na nikajua nani anapaswa kumwambia.

Nilikaa na kadi ya simu mfukoni siku tisa. Nilikuwa naogopa. Kumwambia ukweli ilikuwa ni kumwambia, ni mimi, dada, ndiye niliyekuwa na ruhusa ya ndugu yako. Na nilihofia atakata simu, na wewe ubaki bila mkeka milele. Siku ya kumi nikapiga. Nikasema usikate, dada, nina maneno, yasikie kwanza, kisha unitukane.

Aliniacha niseme. Alipoanza kusema yeye ndipo nikaelewa jinsi jambo lilivyoharibika. Ulikuwa umewapigia ukawaambia arbab amekataa, na waliamini, siku ya kwanza. Lakini kulikuwa na mfanyabiashara wa kwenu aliyekuja huku Dubai, soko la Naif, kununua mzigo mwezi uleule. Alirudi na habari kwamba mwanafunzi wa Salehe amepewa likizo, yuko kwao anakula raha. Wakajiuliza, kama mwanafunzi anapewa, fundi anakataliwaje? Wakaona hukutaka kuja. Mama walikuwa wamemsubirisha mpaka alasiri ya siku ya pili, wakitazama barabara, pengine arbab atalegea. Nikamuuliza kuhusu mvua. Akasema, "Mvua gani? Kulikuwa na jua, kaburi walilichimba kwa sururu." Hata hilo ulilitunga. Ulipenda azikwe kwenye udongo laini.

Nilimweleza zamu. Nilimweleza sefu, na shata, na siku tatu sakafuni. Nikamweleza ulichosema juu ya mtoto. Akauliza, "Huyo mtoto anaitwa nani?" Nikasema Ndinda. "Ana miaka mingapi sasa?" Nikasema minane. Akasema, "Msalimie." Akakata. Sikujua nimesamehewa au nimefukuzwa, na wewe unanijua, nilichagua lile baya.

Siku ile nikafanya kazi yako moja iliyobaki. Ulinifundisha kwamba karatasi ya kwanza haitolewi kwenye pini hata ikiwa na kosa, ila ya pili huongezwa chini yake, wote wasome zote mbili. Sikuitoa yako. Chini yake nimeandika: *Satwa, Dubai. Mndimu wa Bashiri. Alitoka kwenye kifuko siku ya tatu ya matanga, na Fundi Salehe alikuwepo.*

Leo Ijumaa, baada ya adhuhuri, simu ikalia. Zuhura. Amenipigia yeye, kwa kadi yake. Akasema, "Mdogo wangu, tumekaa." Nikamwambia siamini. Ndivyo nilivyosema, Fundi, bila adabu, dada siamini, niwekee simu karibu na watu nisikie. Hakukasirika. Nikasikia ndala zikiburuzwa, nikasikia sahani, mtoto analia, mtu anakohoa. Kisha sauti za wanaume wanasoma pamoja, na walipofika mwisho mzee mmoja akaanza kuwataja marehemu wa nyumba ile. Akamtaja mama yako. Akavuta pumzi. Akasema, "Na mwanawe Salehe, aliyekuwa naye."

Alisema hivyo, sikumsikia vibaya. Nilimfanya Zuhura arudie, akarudia huku analia kile kilio nilichokingoja tangu siku ya kwanza. Nami nililia, hapa kwenye kiti chako, na mteja amesimama mlangoni na picha ya harusi mkononi.

Kwaheri, Fundi. Pumzika huko Qusais, na ukiwa na Mungu mwambie ukweli, Yeye haapishwi. Mimi nakuahidi hili. Jumapili arbab anakuja kunipa tarehe za likizo, na nimeshaandaa jibu: zamu hii si yangu, ni ya Salehe wa Muheza. Nitaikalia kwa Zuhura siku zako kumi kamili, halafu ndipo niende kwa Ndinda. Na duka, arbab atalilinda mwenyewe.

Mwanafunzi wako,
Mwende